Kibuyu Alicholeta Nkunzimana

Kila wiki hakosi mtu wa kuniuliza Evaristi yuko wapi. Wengine wanatoka Kasulu mjini, wengine wanapiga simu kutoka Kakonko, na swali lao ni lile lile: mbona Tafakari ya Asubuhi haiji tena kwenye simu, mwinjilisti anaumwa? Nimechoka kujibu nusunusu. Evaristi Nizigiyimana haumwi. Analima, anakula akilazimishwa na mkewe, na akipita dukani kwangu ananisalimia. Kilichomnyamazisha nakijua tangu mwanzo hadi mwisho, na ndani yake mna neno langu moja la kipuuzi, kwa hiyo nitakisema chote kwa mara moja, na mwenye kukasirika akasirike.

Mimi ni Asmahani, mama Yasmini, mwenye duka la njia panda ya Titye. Ni Muislamu wa baba na mama. Baba alifika Kasulu kutoka Pangani na marobota mawili ya kanga, akaoa hapa, akazikwa hapa. Nimeishi na Waha na Warundi maisha yangu yote, nimewauzia sabuni na sukari, nimekaa kwenye misiba yao, na mume wangu alipofariki wao ndio waliochimba kaburi.

Duka langu liko mahali pa juu kidogo, mtandao unashika, na hiyo ndiyo sababu Evaristi alikuwa anakuja. Kwake bondeni simu ni tochi tu. Kwa miaka minne, saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafungua dirisha, alikuwa ameshasimama nyuma ya duka karibu na magunia ya mkaa, koti lake la kahawia limefungwa vifungo vyote, simu kaishika karibu na mdomo kama mtu anayetaka kung'ata hindi la kuchoma. Anazungumza dakika saba. Akimaliza anatuma kwenye kundi lake la simu, na watu zaidi ya mia mbili wanamsikia huku wakichemsha chai zao. Walikuwamo hata waliokwisha kurudi Burundi, na hao walimwambia hawaanzi siku bila yeye.

Mimi nilikuwa upande wa ndani, nafagia au napima unga, na ukuta ni wa mbao. Nilimsikiliza bila kualikwa. Evaristi aliishia darasa la nne, lakini akifungua kinywa unamsahau huyo wa darasa la nne. Alipenda kurudi kwenye zile sura za Paulo zinazosema habari za karama na upendo. Alisema karama ni jembe, na Mungu hampi mtu jembe ili alitundike ukutani watu wasifie mpini. Alisema ibada haipimwi watu wakiwa wanaimba, inapimwa wakishatoka kuimba, pale njiani mtu anapokutana na yule wasiyesemezana naye. Siku hiyo nilidhani ananisema mimi, maana nilikuwa nimenuniana na Salumu wa duka la ng'ambo kwa mwezi mzima. Nikaenda nikamsalimia Salumu. Baadaye nikamtania Evaristi, nikamwambia mwinjilisti, angalia, utanibatiza kupitia ukutani. Akacheka kwa haya, macho chini.

Hakuwa akinisema mimi. Nadhani hakuwa akimsema mtu yeyote. Alikuwa na mdogo wake Kibondo, Nkunzimana, na walikuwa na miaka mitano hawajasemezana.

Hao wawili walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa watoto, mwaka ule wa mauaji, Evaristi ana miaka minane na Nkunzimana mitatu. Baba yao alibaki nyuma, hakuonekana tena. Mama alikuwa na mzigo kichwani na kichanga kifuani, kwa hiyo Evaristi ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni. Walitembea siku tatu hadi Munanila. Kile kichanga hakikufika. Evaristi alinisimulia habari hiyo mara moja tu, na alichokumbuka zaidi ni mikono ya Nkunzimana shingoni kwake, jinsi ilivyombana hata akakosa pumzi, naye hakumwambia ailegeze kwa sababu aliogopa akiilegeza ataanguka.

Walikulia Munanila wakilima mashamba ya watu. Karatasi za uraia walizipata wakiwa watu wazima. Evaristi alimwoa Claudine, binti wa huku Titye, akahamia kwao. Nkunzimana alipata ardhi Kibondo akamchukua mama yao, akaoa mwanamke anaitwa Akimana. Walitembeleana kila baada ya mavuno, na walipokutana walikunywa, maana enzi hizo Evaristi alikuwa mnywaji, tena wa kusifiwa. Watu wazima wa Titye wanamkumbuka.

Kilichomtoa huko si mahubiri. Mtoto wao wa tatu alishikwa na malaria, homa ikampanda asubuhi, na Claudine akamtafuta mumewe kwenye vilabu vya pombe kimoja baada ya kingine hadi jua likapinduka. Alipompata, hakuweza kusimama. Claudine akambeba mtoto peke yake kwa miguu hadi zahanati, na akarudi naye amemfunika uso. Wiki iliyofuata Evaristi aliokoka. Aliapa mbele ya kanisa zima, na mbele ya Claudine, kwamba pombe haitagusa midomo yake tena, hata tone. Naandika hili ili msije mkamwona ni mtu wa kujionyesha. Kiapo kile alikilipia.

Miaka miwili baadaye mama yao akafa kule Kibondo. Alizikwa, mwaka ukapita, ikafika siku ya kuondoa matanga. Kwa Warundi siku hiyo ni kubwa kuliko mazishi. Wanatengeneza pombe ya ndizi, urwarwa, wanaiweka katikati ya ua, na mtoto wa kwanza wa marehemu ndiye anayetia mrija na kuonja kabla ya mtu mwingine yeyote. Akishaonja, msiba umekwisha, watu wanarudi kwenye maisha. Asipoonja, wote wanabaki msibani. Evaristi alikwenda, akakaa mbele kwenye kiti alichoandaliwa, na mrija ulipoletwa akakataa. Alitaka aombe badala ya kuonja. Wazee walimngoja kwa muda mrefu wakiwa wamesimama. Mwishowe Nkunzimana akauchukua mrija akaonja yeye, na mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba mdogo akishika mrija wa kaka aliye hai, amemhesabu kaka pamoja na waliokufa. Neno hilo liliwaingia wote wawili vibaya. Nkunzimana aliona ameaibishwa mbele ya ukoo na kubebeshwa dhambi isiyo yake. Evaristi aliona amezikwa akiwa hai kwa sababu ya kumtii Mungu. Waliachana pale uani bila kuagana.

Sasa nije kwenye mwaka jana. Ilikuwa mwezi wa sita, maharage yamevunwa, yanapigwa. Alhamisi, kama saa nne asubuhi, gari la Kasulu lilimshusha mwanamume mmoja pale njia panda. Alikuwa mwembamba, na weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano. Mimi nilidhani ni vumbi na uchovu wa safari. Amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitenge, anakishika kama kinavunjika, na kumbe kilikuwa kinavunjika kweli. Akaomba akae kidogo barazani. Nikamuuliza kabeba nini, naye hakunificha. Alisema ni urwarwa ndani ya kibuyu, na akaomba radhi kwa sababu aliniona nimejifunga mtandio. Nikamwambia kibuyu kikae ngazi ya nje, yeye aje kivulini.

Ndipo akajitambulisha, na nikashtuka, maana sura ni ya Evaristi kabisa. Aliniambia ndizi alizifukia mwenyewe shimoni zikaiva, akazikamua mwenyewe kwa majani, hakukubali mkewe amsaidie. Mirija miwili alikuwa ameifunga shingoni mwa kibuyu. Nikamwambia kwa upole kwamba kaka yake hanywi, kaokoka, nchi nzima inajua. Akasema anajua.

"Sitaki anywe, mama. Aguse mrija wake na midomo, na mimi niguse wangu, yaishe. Kwetu maneno hayaishi kwa maneno."

Nikamwonyesha njia ya bondeni. Kilichofuata nilisimuliwa na Claudine, na Claudine si mwanamke wa kuongeza chumvi.

Evaristi alikuwa uani na watu watatu wa kanisa. Jumapili ile alikuwa anawekewa mikono kuwa mzee wa kanisa, na hao watatu walikuja kumwelekeza atasimama wapi na atavaa nini. Alipomwona mdogo wake anaingia, aliinuka mbio, akamkumbatia, akalia. Claudine anasema alilia kweli. Kisha kitenge kikafunguka kidogo, akaona shingo ya kibuyu na mirija, akarudi nyuma hatua moja. Akamwambia Nkunzimana hicho akiache nje ya ua, waingie ndani, waombe pamoja.

Nkunzimana hakukiacha. Alikiweka chini katikati yao, akafungua ile mirija, akamnyooshea mmoja.

"Mukuru wanje," alisema, yaani kaka yangu mkubwa, "sikuja kunywa. Nimekuja tuwe ndugu. Gusa tu, halafu uteme mate chini ukitaka."

Evaristi aliwatazama wale watatu. Claudine aliliona hilo, na ndilo asilomsamehe mpaka leo. Hakumtazama yeye Claudine, ambaye kiapo kile kilikuwa chake pia, na ambaye angemwambia gusa. Aliniapia hivyo: angemwambia gusa. Aliwatazama wale watatu, na mmoja wao akakohoa.

"Nimekusamehe, Nkunzimana," akasema. "Nilishakusamehe siku nyingi. Lakini hilo siwezi."

"Sikuja kusamehewa," akasema Nkunzimana.

Akaifunga mirija yake, akakifunga kibuyu kwenye kitenge. Claudine alikuwa ameshapika ugali wa muhogo na maharage mapya, akamsihi anawe mikono angalau aonje. Alishukuru, akakataa. Mtu aliyetoka Kibondo akaondoka nyumbani kwa kaka yake bila kuonja chakula, na kaka yake amesimama pale pale.

Alirudi barazani kwangu kungoja gari. Nilimpa chai akanywa nusu kikombe, akashika tumbo upande wa kulia. Nilimuuliza kama anaumwa akasema ni njaa, na mimi, mtu mzima, nikaamini. Halafu akaniuliza ni wapi hasa Evaristi anaposimama akisoma neno. Nikamshangaa amejuaje kwamba anasomea hapa. Akasema kuna siku alisikia ndani ya sauti iliyorekodiwa mwanamke anamfokea mtu wa mkaa, na leo ameitambua sauti yake. Mwanamke huyo ni mimi. Kumbe binti yake aliingizwa kwenye lile kundi tangu mwanzo, na Nkunzimana kila asubuhi alikaa jikoni na simu ya binti, akamsikiliza kaka yake dakika zote saba, kwa miaka minne, hakukosa. Evaristi hakujua hilo.

Nikampeleka nyuma ya duka nikamwonyesha. Alisimama pale kwenye magunia muda mfupi. Alipotoka, alikwenda mtaroni akafungua kibuyu akamwaga pombe yote, taratibu, akiwa ameinama, halafu akapanda gari na kibuyu kitupu. Nilikuwa na nafasi ya kumwita Evaristi. Bondeni si mbali, hata mtoto ningemtuma. Nilisema moyoni hayanihusu, ni mambo ya Warundi na pombe yao.

Jioni saa kumi na moja Evaristi alikuja dukani. Hakununua kitu. Alisimama akichezea ndoano ya mizani, akaanza kunieleza, mara aache, mara aanze tena. Mwishowe akaniuliza jambo ambalo sasa najua lilikuwa jambo pekee alilokuja kuuliza.

"Na nyie si mnakataza, mama Yasmini?"

Nilikuwa nampimia mteja mchele. Sikuinua hata macho. Nikamwambia pombe ni pombe, mwinjilisti, umefanya sawa. Akashusha pumzi, akashukuru, akaenda zake. Hilo ndilo neno langu la kipuuzi. Sisemi ningekuwa mimi ningegusa ule mrija. Nikisema hivyo nitakuwa nasema uongo. Lakini mtu yule alikuja akitafuta wa kumwambia rudi, mkimbilie, bado yuko Kasulu anangoja gari la Kibondo, na akanikuta mimi na kilo zangu za mchele.

Asubuhi yake, Ijumaa, alikuja kama kawaida. Wiki ile alikuwa kwenye karama, na zamu ilikuwa imefika kwenye sura ya kumi na tatu, ile ya upendo. Nilisimama nyuma ya mbao na ufagio nikasikiliza. Wallahi sijawahi kumsikia akisema vizuri hivyo. Alisema mtu anaweza kuwa na imani ya kuuamuru mlima ukahama, na mlima ukahama kweli, watu wakapiga makofi. Lakini kama nyuma ya mlima ule kuna ndugu aliyesimama peke yake, mlima umehama bure. Alisema upendo hautafuti kuwa sahihi kwanza. Sauti haikutetemeka. Nilitamani nitoke nje nimchape na ule ufagio. Sikujua kama hajisikii anachosema au anajisikia mno, na mpaka leo sijui. Alipomaliza alinigongea ukutani, akaniuliza kama upepo umeharibu. Nikamjibu kwamba imetoka vizuri.

Jumapili akawekewa mikono. Alipendeza.

Baada ya hapo alianza kusema atakwenda Kibondo. Nitakwenda nikimaliza kupiga maharage. Maharage yakapigwa, ikawa nitakwenda baada ya semina ya kanisa. Claudine alimsukuma kila siku, akamwambia aende hata bila semina, aende mikono mitupu. Nadhani aliogopa. Alijua akienda atawekewa tena mrija mbele yake, na safari hii hapatakuwa na watu watatu wa kuwatazama. Wiki tatu zikaisha hivyo.

Jumanne ya wiki ya nne alikuwa nyuma ya duka akirekodi, anasema habari za karama ya kuponya, na simu ikaita mkononi mwake. Akaikata, akaanza upya. Ikaita tena, akaikata. Mara ya tatu vilevile. Nilimsikia akiguna kwa hasira, mtu mpole yule. Alipomaliza kutuma ndipo akapiga ile namba asiyoijua, na alikuwa Akimana. Nkunzimana yuko hospitali siku ya tano, ini limeharibika, na tangu alfajiri anamwita kaka yake.

Dakika zile saba hazikumuua Nkunzimana. Hilo nalijua, na nimemwambia Evaristi zaidi ya mara moja.

Nilifunga duka nikaenda nao, yeye na Claudine, kwa sababu jirani haachwi aende peke yake kwenye habari kama ile. Tulipanda gari. Evaristi alikuwa na Biblia mapajani hakuifungua. Tulifika Kibondo alasiri, na hatukuhitaji kwenda hospitali, maana njiani tulikutana na watu wamebeba viti vya kuazima kuelekea kwa Nkunzimana. Alikuwa amekata roho saa sita mchana. Baadaye mlokole mmoja wa Titye alikuja dukani kuniambia kwamba pombe ndiyo iliyomla ini, kwa hiyo mwinjilisti alikuwa sahihi. Nilimwambia atoke dukani kwangu.

Akimana alitupokea mlangoni. Nilitarajia atamfukuza, au atampigia kelele, na kusema kweli ningemwelewa. Hakufanya hivyo. Alimletea Evaristi maji ya kunawa, akamtandikia mkeka mahali pa kaka mkubwa, na wazee wa ukoo walipokwisha kukaa akasema mbele ya wote kwamba marehemu ameacha agizo. Alilisema kwa Kirundi, halafu akanitazama akalirudia kwa Kiswahili ili mgeni asikie.

"Alisema: kaka yangu akija mpokeeni. Apewe jembe anizike. Lakini asisome neno. Neno lake nimelisikia kila siku, linatosha."

Evaristi akauliza kila siku vipi. Binti wa Nkunzimana ndiye aliyemjibu. Alitoa simu akalifungua lile kundi, akaanza kumwonyesha, moja baada ya nyingine, tafakari za miaka minne, zote zimesikilizwa. Hata ile ya sura ya kumi na tatu, ambayo baba yake alimwambia aiwashe tena akiwa kitandani. Evaristi alimwomba aizime. Usiku kucha alikaa pale mkekani, Claudine pembeni yake, na sikumsikia akiomba.

Mazishi yalikuwa kesho yake saa saba mchana, shambani nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wengi. Mchungaji wa pale alikuwa amekwenda kwenye msiba mwingine Kakonko, akatuma habari kwamba hatawahi. Jeneza likateremshwa. Watu wakakaa wakitazamana, kama kawaida inapongojewa mtu wa kusoma. Ndipo Evaristi akamwambia kijana mmoja asogee asije akateleza kaburini, maneno matatu tu, na mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka. Akasema sauti hiyo anaijua, huyu si ndiye wa Tafakari? Minong'ono ikaenda nyuma, ikarudi. Watu wakafurahi, kama watu wanavyoweza kufurahi makaburini, kwamba marehemu alikuwa na ndugu wa namna hii na hawakuambiwa. Mwenyekiti wa kitongoji akasogea mbele akavua kofia yake.

"Mwinjilisti, sisi sote tunakusikiliza," alisema. "Tupe neno, tumsindikize ndugu yetu."

Evaristi alitazama chini kaburini. Akimana alikuwa upande wa pili na watoto wake, na hakuinua kichwa kumkataza wala kumruhusu.

"Nimekatazwa," akasema.

Mwenyekiti alidhani ni mambo ya serikali, au ya makanisa yasiyoelewana. Akasema hapa hakuna wa kumkataza mtu neno la Mungu, amekatazwa na nani?

"Na marehemu."

Mwenyekiti akarudi nyuma. Palikuwa na watu zaidi ya mia tatu na hapakuwa na mwingine aliyejua kusoma mbele za watu, au kama alikuwapo hakuthubutu. Evaristi akapokea jembe, akaanza kufukia, na tukamzika Nkunzimana bila neno.